Amani na Mhogo: Utafiti wa Fedha za Umma Katika Karne Moja

Amani iko kwenye milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza mkoani Tanga, mwinuko wa mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Ujerumani ilifungua hapo Taasisi ya Biolojia na Kilimo. Iliipa maabara, maktaba, wataalamu wa mimea na wa kemia, na bustani kubwa iliyoteremka kutoka msituni hadi bondeni, ili miche iliyoletwa kutoka nchi za joto ijaribiwe katika hali tofauti za hewa. Mfano ulioigwa ulikuwa bustani mashuhuri ya Buitenzorg katika kisiwa cha Java, mji ambao leo huitwa Bogor, na mmoja wa wataalamu wa mwanzo wa Amani, Albrecht Zimmermann, alikuwa amefanya kazi hukohuko.

Lengo halikuwa kumlisha Mbondei wala Msambaa. Walowezi na makampuni ya mashamba makubwa walitaka kujua ni mazao gani yangewalipa: kahawa, mkonge, pamba, mkwinini, mpira. Kahawa ya Usambara Mashariki ilikuwa imekwisha kuwavunja moyo wengi, na kwa miaka kadhaa tumaini likaelekezwa kwenye mpira wa Ceará, ambao kitaalamu huitwa Manihot glaziovii, mti wa Brazil ulio ndugu wa mhogo. Ulipandwa kwa wingi katika nyanda za Tanga na kwingineko. Zimmermann aliuandikia kitabu kizima, kikachapishwa mwaka 1913. Mwaka huohuo bei ya mpira ilianguka, kwa kuwa mashamba ya Asia, yaliyopandwa mti bora wa Hevea, yalianza kumwaga mpira sokoni. Mashamba ya Ceará yakatelekezwa. Miti yenyewe haikufa. Ilijiotea kando ya njia na nyuma ya nyumba, na watu wa Pwani wakachuma majani yake na kuyapika, chakula kinachojulikana hadi leo kuwa kisamvu cha mpira. Miti hiyo ilikuja kupata kazi ambayo hakuna mlowezi aliyeiwaza.

Mhogo wenyewe ulikuwa umeingia Afrika karne nyingi kabla, ukitoka Amerika Kusini kwa njia ya Wareno. Ulipendwa kwa sababu unavumilia ukame, unaota kwenye udongo uliochoka, na mizizi yake inaweza kukaa ardhini hadi siku ya shida. Hupandwa kwa pingili, si kwa mbegu, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake: pingili iliyokatwa kwenye shina gonjwa hubeba ugonjwa hadi shamba jipya. Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Otto Warburg, aliandika habari za mihogo ya Afrika Mashariki iliyokuwa na majani yaliyojikunja na kupoteza umbo. Hayo ndiyo maelezo ya kwanza ya kitaalamu ya ugonjwa ambao wakulima wa leo huuita batobato. Jani hupata mabaka ya kijani hafifu na manjano, hukunjamana na kudumaa, na mizizi hubaki midogo. Mwaka 1906 Zimmermann alitoa rai kwamba kisababishi ni kirusi. Wakati huo fikra ya kirusi ilikuwa haijatimiza miaka 10 katika sayansi, wala hapakuwa na darubini ya kumwonyesha alichokisema. Alikuwa sahihi.

Vita vya 1914 viliitenga koloni na bahari. Taasisi iliyoanzishwa kwa ajili ya mazao ya biashara ikageuka kiwanda cha kujitosheleza: ilitengeneza dawa ya kwinini kwa magome ya mikwinini yake yenyewe, pamoja na vitu vingine ambavyo meli za Ulaya hazikuweza tena kuvileta. Baada ya vita Waingereza waliirithi Tanganyika kama nchi ya udhamini, wakairithi na Amani, lakini hawakujua waifanyie nini. Kwa miaka kadhaa ilikaa na watumishi wachache na fedha kidogo. Mwaka 1925 tume ya wabunge wa Uingereza iliyoongozwa na Ormsby-Gore ilitoa taarifa yake kuhusu Afrika Mashariki, ikashauri kituo hicho kifufuliwe. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 kikafunguliwa upya kama Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Afrika Mashariki, chini ya mkurugenzi William Nowell.

Chanzo cha fedha kinastahili kutazamwa kwa makini. Sehemu ilitoka serikali kuu ya Uingereza, na sehemu ilichangwa na serikali za Tanganyika, Kenya, Uganda na makoloni jirani. Serikali hizo zilikusanya mapato yao kwa ushuru wa forodha na kwa kodi ya kibanda iliyotozwa kila kijiji. Kwa hiyo mkulima wa mhogo alikuwa mlipaji wa utafiti miaka mingi kabla ya kuwa mnufaika wake. Jambo hili halitajwi sana katika historia za sayansi, na ni kosa kutolitaja: deni la Amani kwa watu wa Afrika Mashariki lilianza siku kodi ya kwanza ilipolipwa.

Mwaka 1928 alifika Harold Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea kutoka Afrika Kusini. Huko alikuwa amethibitisha kwamba ugonjwa wa milia ya majani ya mahindi huenezwa na kidudu kidogo kirukacho, Cicadulina mbila. Aliendelea kukichunguza kidudu hicho Amani, na majaribio aliyoyafanya hapo yalisomwa dunia nzima. Aligundua kwamba si kila kidudu cha aina hiyo kinaweza kueneza kirusi, na kwamba uwezo huo au ukosefu wake hurithiwa kutoka kwa wazazi kwa kanuni zilezile zinazorithisha rangi ya ua. Kisha akachukua vidudu visivyo na uwezo, akavitoboa utumbo kwa sindano nyembamba, navyo vikaanza kuambukiza. Maana yake ilikuwa wazi: kirusi hakibebwi mdomoni tu kama uchafu, hupenya ukuta wa utumbo, huingia mwilini mwa mdudu na kutokea mateni. Hakuna mkulima aliyeomba jambo hilo lichunguzwe, na hakuna kampuni ambayo ingelipia kazi ya kutoboa matumbo ya wadudu. Hata hivyo maarifa hayo ndiyo msingi wa kuelewa jinsi virusi vingi vya mimea vinavyosafiri.

Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walielekeza njia hizo kwenye mhogo. Mwaka 1938 walichapisha matokeo yao kuhusu batobato. Walionyesha kwamba huenezwa na inzi weupe, wadudu wadogo mno wanaokaa chini ya jani na kupeperuka kama unga mmea ukitikiswa. Waliona kwamba maambukizo hushika kwenye majani machanga tu, na kwamba kuna batobato hafifu na batobato kali. Kabla ya hapo, mwaka 1936, Storey alikuwa ameeleza ugonjwa wa pili ambao hakuna aliyekuwa ameuandika: michirizi kahawia. Huu ni mbaya kwa namna yake. Majani yanaweza kuonekana ya kawaida, mkulima akasubiri mavuno kwa matumaini, na siku ya kuchimba akakuta mizizi imekauka na kuoza kwa ndani, ina mabaka ya kahawia, haifai hata kwa makopa.

Dawa ya kunyunyiza haikuwepo, na hata ingekuwepo mkulima wa mhogo asingeimudu. Njia iliyobaki ilikuwa kupata mhogo unaostahimili. Aina zilikusanywa kutoka sehemu nyingi za dunia, zikapandwa Amani na kwenye mashamba ya nyanda za chini. Karibu zote ziliugua, na zile zilizostahimili kiasi hazikutosha. Kuanzia mwaka 1937 Nichols aligeukia ndugu wa mhogo, na aliyekuwa jirani kuliko wote alikuwa mti ule wa mpira wa Ceará ulioachwa na Wajerumani. Mti huo haukushambuliwa sana na batobato. Tatizo ni kwamba hauna mizizi ya kuliwa.

Kazi iliyofuata ilihitaji subira ya pekee. Mhogo hutoa maua ya kike na ya kiume mbalimbali kwenye shina moja, na maua ya kike hutangulia kufunguka. Ilibidi ua la kike lifunikwe lisifikiwe na nyuki, chavua ya mpira iletwe kwa mkono, tunda lingojwe likomae, na mbegu zake, ambazo kwa kawaida hazizidi tatu katika tunda, ziokotwe kabla tunda halijapasuka na kuzirusha. Chotara wa kwanza waliistahimili batobato, lakini mizizi yao ilikuwa michache na migumu mithili ya kuni. Wakachavushwa tena kwa mhogo halisi, na watoto wao tena, na wajukuu tena, mara tatu kwa jumla, kila kizazi kikipandwa karibu na mihogo migonjwa ili dhaifu wajitenge. Kila mzunguko ulichukua miaka. Katika kizazi cha tatu cha kurudishiwa damu ya mhogo zilipatikana aina zenye mizizi ya kuliwa ambazo bado zilibeba ustahimilivu wa mti wa mpira.

Ustahimilivu huo haukuwa kinga kamili, na watafiti waliueleza hivyo. Mmea uliweza kuambukizwa, lakini kirusi hakikuenea mwili mzima. Matawi mengine yalibaki safi, na pingili zilizokatwa kwenye matawi hayo zilizaa mimea isiyo na ugonjwa. Kwa mkulima anayekata mbegu shambani mwake mwenyewe mwaka baada ya mwaka, hilo ni jambo kubwa: shamba halioneshi uzima wa msimu mmoja tu, linajisafisha. Vitabu vya kituo vimehifadhi majina ya Storey, Nichols, na D. L. Jennings aliyeishika kazi baada ya Nichols. Watu wa Usambara waliofunika maua, waliohesabu inzi na kuandika lebo za maelfu ya mimea kwa miaka 20 hawakuandikwa majina katika majarida, ingawa bila mikono na macho yao hakuna aina hata moja ambayo ingepatikana.

Kwa nini kazi ya namna hii ililipiwa na hazina ya serikali, si na mfanyabiashara? Jibu limo katika zao lenyewe. Mtu akipata pingili nzuri humpa shemeji yake, shemeji humpa jirani, na baada ya misimu michache kijiji kizima kinayo bila mtu kulipa senti. Muuzaji wa mbegu hana wa kumuuzia mara ya pili. Zaidi ya hayo, walaji wakuu wa mhogo walikuwa watu wasio na fedha za kuvutia soko. Zao lenye watu wengi na faida ndogo, ugonjwa unaovuka mipaka, na matokeo yanayokuja baada ya miaka 20 au 40 ni mambo matatu ambayo biashara huyakimbia. Kodi ya umma, kwa kuwa inachangwa na wote na haidai faida ya mwaka huu, ndiyo pekee iliyoweza kuyabeba.

Lakini hazina ya umma nayo ina tabia ya kuchoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki uliwekwa chini ya Kamisheni Kuu iliyoundwa mwaka 1948, makao ya utafiti huo yakahamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Majengo ya Amani yakapewa watafiti wa malaria mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baadaye yakawa ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Jennings alichapisha taarifa kubwa ya mwisho ya uzalishaji wa mhogo mwaka 1957, na programu ikafungwa. Ingeweza kuishia hapo. Kilichoiokoa ni uamuzi wa kawaida miongoni mwa watumishi wa umma wa siku zile: mbegu za aina bora ziligawiwa bure kwa vituo vya nchi nyingine zilizoziomba.

Fungu moja la mbegu hizo lilifika Nigeria katikati ya miaka ya 1950, likapandwa kwenye kituo cha serikali cha Moor Plantation, Ibadan. Katika miche iliyoota, mmoja ulichaguliwa na kupewa namba 58308. Mavuno yake hayakuwa ya kujivunia, lakini batobato haikuuweza. Mwaka 1967 ilianzishwa mjini humohumo Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, IITA, na mwaka 1971 akaajiriwa mtafiti wa Korea Kusini, Sang-Ki Hahn. Yeye aliuchukua 58308 kama mzazi, akauchanganya na mihogo yenye mavuno makubwa. Kutokana na kazi hiyo zilitoka aina za TMS, maarufu zaidi ikiwa TMS 30572, zilizosambaa Nigeria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nigeria iliipita Brazil na kuwa nchi inayozalisha mhogo mwingi kuliko zote duniani. Sera, bei na bidii ya wakulima zilichangia, lakini bila aina zinazostahimili batobato ongezeko hilo lisingewezekana.

Deni kwa Afrika Mashariki lililipwa kwa njia ya Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato ya ukali usiojulikana ilizuka kaskazini ya Kampala, katika eneo la Luwero, ikasonga kuelekea kusini kilomita 20 hadi 30 kwa mwaka. Mashamba yaliachwa. Mashariki ya nchi, ambako mhogo ulikuwa chakula kikuu, watu walikumbwa na njaa, na hasara ya taifa ilikadiriwa kuzidi dola milioni 60 kwa mwaka. Mwaka 1997 ilithibitishwa kwamba kisababishi ni kirusi kipya, kilichozaliwa baada ya virusi viwili vya batobato kukutana katika mmea mmoja na kubadilishana vipande vya vinasaba. Kutoka Uganda kilivuka hadi magharibi ya Kenya, kanda ya Ziwa ya Tanzania, Rwanda, Burundi na Congo.

Kituo cha Namulonge, cha shirika la utafiti wa kilimo la taifa la Uganda, kilikuwa kimekwisha kujaribu aina za IITA chini ya uongozi wa George Otim-Nape. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiliidhinisha Nase 1, Nase 2 na Nase 3. Nase 3, iitwayo pia Migyera, ni ileile TMS 30572. Hivyo ustahimilivu uliotafutwa Usambara mwaka 1937 ulirudi Afrika Mashariki miaka zaidi ya 50 baadaye, umepita Ibadan, na ukakuta adui ambaye Nichols hakuwahi kumwona. Pingili zilizalishwa kwenye mashamba ya serikali, makanisa, shule na vikundi vya akina mama, kisha zikagawiwa wilaya kwa wilaya. Mhogo ukarudi mezani. Kama ule mche wa Moor Plantation ungetupwa kwa sababu hauna mavuno, uokoaji huo ungelazimika kuanza na utafutaji wa miaka 20.

Michirizi kahawia nayo ilikuwa na safari yake. Kwa miongo mingi ilikaa Pwani na kando ya Ziwa Nyasa, ikadhaniwa haiwezi kupanda juu ya mita 1,000. Mwaka 2004 ilionekana Uganda, juu ya mwinuko huo, na tangu hapo imeenea kanda ya Ziwa. Aina nyingi zilizoikomboa nchi kutokana na batobato zikaonekana dhaifu mbele yake. Katika kutafuta mzazi mwenye nguvu, watafiti walirudi kwa mmea wa zamani. Pwani ya Kenya wakulima walikuwa wakilima aina iitwayo Kaleso, ambayo katika daftari za Amani ilikuwa chotara namba 46106/27. Kusini mwa Tanzania palikuwa na aina ipendwayo na wakulima, Namikonga. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba Kaleso na Namikonga ni mmea mmoja. Kituo kilifungwa, programu ikasahauliwa, lakini wakulima walikuwa wameendelea kuitunza mbegu kwa miaka 50 kwa kupeana pingili, bila kujua ilikotoka. Namikonga leo ni mmoja wa wazazi wakuu katika uzalishaji wa mihogo inayostahimili michirizi kahawia, kazi inayofanywa na taasisi za umma kama Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, na wenzao wa Kenya na Uganda.

Mwaka 2016 kundi la watafiti wa mataifa kadhaa lilisoma vinasaba vya mihogo mingi na ndugu zake wa porini. Ndani ya Namikonga na aina za TMS walikuta vipande virefu vya vinasaba vya Manihot glaziovii, alama ya kazi ya mikono iliyofanyika Amani. Si kila ustahimilivu ulitoka huko. Aina za asili za Afrika Magharibi, zilizochaguliwa na wakulima wenyewe, zina jeni nyingine yenye nguvu dhidi ya batobato, na wazalishaji wa leo huitumia pamoja na ile ya mti wa mpira.

Viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana mwaka 2007 kwamba kila nchi ielekeze asilimia 1 ya pato lake la taifa kwenye utafiti. Nchi nyingi za bara bado hazijafika hapo, na vituo vya mhogo huishi kwa miradi ya wafadhili ya miaka mitatu au mitano, muda ambao haumfikishi mzalishaji hata kizazi cha pili cha chotara. Wakati huohuo kazi mpya imeshajitokeza. Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani walitangaza kwamba katika mihogo ya Amerika Kusini iliyohifadhiwa kwenye hazina ya vinasaba ya CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha nchi za joto kilichoko Palmira nchini Colombia, imo michache isiyoshikwa na virusi vya michirizi kahawia hata ikiunganishwa na shina gonjwa. Kuichanganya kinga hiyo na ustahimilivu wa batobato, kisha kupata mhogo wenye mavuno na ladha anayoitaka mlaji wa Mtwara, Kilifi au Bukoba, kutachukua miaka mingi, na bajeti inayokatwa kila serikali inapobanwa haiwezi kuifikisha kazi hiyo mwisho.